Kukatisha ruti Mwanza: Kisesa, Buhongwa na Igombe tunalipa nauli mbili kwa safari moja

Abiria wa Kisesa (mleta uzi)

Habari za usiku wakuu.

Nimeanza kuandika haya nikiwa nimesimama Igoma, namalizia nyumbani, na miguu bado ina tope. Saa 12 na nusu jioni nilipanda haisi mjini. Mbele imeandikwa KISESA kwa herufi kubwa, mpiga debe anaita "Kisesa, Kisesa, siti mbili za mwisho", na konda alishakusanya nauli ya Kisesa kabla hatujavuka Mabatini. Kufika Igoma akagonga bodi: "Mwisho hapa, gari inageuza." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza nauli yake iliyobaki iko wapi. Akajibiwa, "Mayu shuka, gari mbovu." Gari mbovu hiyo hiyo ikageuza palepale, ikaanza kupakia watu wa kurudi mjini.

Tulibaki pale watu zaidi ya ishirini, mvua ya rasharasha inatupiga. Haisi iliyofuata ikageuza. Iliyofuata nayo ikageuza. Mwisho tukachangia bajaji, buku kwa kichwa, na yule mama tukamlipia sisi kwa kuwa hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya nauli moja tu.

Hii kwangu sasa ni karibu kila jioni. Nimepiga hesabu: nikiongeza 600 ya gari ya pili kwa siku 26 za kazi, ni 15,600 kwa mwezi. Hapo nimehesabu jioni peke yake, na nimechukulia kwamba ninapata daladala. Siku za bajaji inazidi. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, hiyo ni debe la mahindi linaishia barabarani.

Ninachotaka tukitazame vizuri humu ni hiki. Tumezoea kusema "leo wamekatisha ruti" kama vile ni tukio la siku moja. Ruti ikikatishwa kila jioni, mwezi kwa mwezi, hiyo ruti imefutwa. Hakuna aliyetangaza, hakuna kikao kilichokaa, kibao kwenye kioo bado kinasema Kisesa, lakini baada ya saa 1 usiku daladala ya Kisesa haipo. Ipo ya Igoma inayotoza nauli ya Kisesa.

Na watu huku pembeni ndio tunazidi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 706,453 Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, zile wilaya mbili za Mwanza mjini. Ya 2022 ikakuta 1,104,521. Karibu laki nne wameongezeka ndani ya miaka kumi, na Kisesa haimo humo kwa kuwa sisi ni wilaya ya Magu. Hawa wote wamejenga wapi? Mjini ni mawe na milima, kiwanja hupati. Wamejenga Buhongwa, Kishiri, Buswelu, Igombe, Usagara, Kisesa. Kazi, soko na hospitali kubwa vimebaki kulekule. Kwa hiyo mji umerefuka, daladala zimefupika.

Karibuni wa Buhongwa, wa Igombe, madereva, makonda, wenye magari. Naomba tusitukanane. Nataka kuelewa kwa nini inafanyika na nini kifanyike.

Mama wa Mwaloni

Mleta uzi umenigusa. Mimi natoka Kirumba Mwaloni na mzigo wa dagaa, nakwenda kuuza jioni Buhongwa. Mzigo nalipia, hilo sina ugomvi nalo, ndio utaratibu. Sasa nikishushwa Nyegezi, nalipa nauli yangu upya na mzigo naulipia upya. Faida ya ndoo nzima ya dagaa imeisha kabla sijafungua mfuko. Na dagaa wakilowa mvua pale kituoni kesho hawauziki, wanatoa harufu. Makonda wengine ni watoto wetu kabisa, nawafahamu na mama zao, lakini jioni hawakutazami usoni.

Haisi Nyeupe

Tatizo ni bajaji na michomoko. Hao ndio wameharibu biashara. Daladala imelipia leseni ya ruti, imekaguliwa, ina bima ya abiria. Mchomoko ni gari ya mtu binafsi inapakia barabarani inavyotaka, abiria wa karibu wote inazoa yenyewe. Daladala ikifika mwisho wa ruti inakuta hakuna mtu. Hapa Mwanza madereva wameshagoma zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo. Waondoeni hao kwanza, ruti zitarudi.

Abiria wa Kisesa (mleta uzi)

Mkuu Haisi Nyeupe, naelewa uchungu wa aliyelipia leseni. Ila siwezi kukubaliana na wewe kwa hili. Jana usiku daladala tatu zilinigeuzia Igoma, bajaji ndiyo iliyonifikisha kwangu. Ukiniondolea bajaji leo kabla daladala hazijaanza kufika mwisho, mimi nitatembea kwa miguu usiku hadi Kisesa. Na mchomoko umeanza kupata abiria pale daladala ilipowaacha.

Dereva wa Buhongwa

Wakuu nimesoma kimya, nimeona nisipite. Mimi ni dereva wa haisi, huu ni mwaka wa tisa. Nimekatisha ruti, sitadanganya. Sijivunii.

Niwaeleze hesabu zetu zilivyo, maana abiria anaona konda mkorofi, haoni kilicho nyuma yake. Bosi wangu nampelekea hesabu ya 60,000 kila siku. Iwe mvua, iwe foleni, iwe nimekamatwa, ni 60,000. Mafuta natia mimi. Konda namlipa mimi. Pancha, kuosha gari, ushuru, mimi. Kosa moja barabarani ni 30,000, hiyo ni nusu ya hesabu imeondoka kwa dakika tano. Bei ya mafuta EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inaitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa huku ziwani tunanunua ghali kuliko Dar kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini. Nauli haibadiliki kila mwezi, hesabu nayo haishuki. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho tunakiita siku yangu. Kuna siku nalala na 5,000.

Sasa sikilizeni kuhusu jioni. Nikitoka mjini saa 12 nimejaza hadi mlangoni. Mkuyuni wanashuka, Butimba wanashuka, Nyegezi wanashuka wengi. Kutoka Nyegezi kwenda Buhongwa nabaki na watu sita au saba, na hao wote wameshanilipa. Nikiwafikisha Buhongwa, kurudi mjini saa hizo narudi tupu, nani anakwenda mjini saa 2 usiku? Nikigeuza Nyegezi nawahi mjini nakuta bado watu wamejaa, napakia gari nzima nyingine. Kati ya saa 12 na saa 2 na nusu, mwenye kufika mwisho anapiga tripu mbili, mwenye kugeuza anapiga tatu. Tripu ya tatu hiyo ndiyo inayolaza hesabu.

Na nauli yenyewe ilivyopangwa inatusukuma hukohuko. Kwa viwango vya Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 ikawa 600. Kilomita 11 hadi 15 ilitoka 550 ikawa 700. Angalia hapo: kile kipande cha mbali, kilomita tano zaidi, abiria ananiongezea shilingi 100. Nikigeuza, siti hiyohiyo anakaa mtu mpya wa 600. Dereva hahitaji kusoma uchumi kuliona hilo.

Madeiwaka ndio wabaya zaidi. Deiwaka amepewa gari kwa nusu siku, hana leseni ya kupoteza, hana abiria anaowajua, kesho yuko ruti nyingine. Ukiona gari inageuza mapema kabisa, saa 12 bado kuna mwanga, mara nyingi mwenye gari amekwenda kupumzika na usukani umeshikwa na deiwaka.

Sisemi tuko sahihi. Yule mama wa dagaa anayesema analipa mara mbili, huenda hata mimi nimeshawahi kumshusha. Anisamehe.

Mama wa Mwaloni

Nimekusamehe baba. Ila kesho nifikishe.

Mwalimu wa Pembezoni

Watoto wamesahaulika kwenye huu uzi. Nafundisha sekondari upande wa barabara ya Airport, nina wanafunzi wanaotoka Igombe. Nauli yao ni 200, haikupanda hata 2023 watu wazima walipopandishiwa. Kwa hesabu ya dereva hapo juu, mwanafunzi mmoja aliyekaa kwenye siti ni 400 iliyopotea. Ndiyo maana konda anasimama mlangoni, "denti wawili tu, wawili tu", na wengine kumi wanabaki kituoni na madaftari yao.

Wale wawili waliobahatika nao wanashushwa njiani gari inapogeuza. Mtu mzima ataongeza 600. Mtoto ana 200 moja, mama yake amempa ya kwenda na ya kurudi. Anatembea. Nina msichana wa kidato cha pili anafika kwao saa 2 usiku, amepita vichakani peke yake. Nimezungumza na mzazi wake, tukaishia kumtafutia chumba kwa shangazi yake karibu na shule. Kuna wasio na shangazi. Ninapopiga mahudhurio asubuhi na kuona majina yaleyale ya Igombe hayapo, sina haja ya kuuliza kwa nini.

Ng'ambo ya Busisi

Nichangie kidogo kutoka upande wa Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji. Zamani tulikaa kwenye foleni ya kivuko hata masaa mawili. Sasa unavuka kwa dakika chache, unafika Usagara mapema. Halafu Usagara unakaa. Gari za kuingia mjini usiku ni za kubahatisha, michomoko inajitajia bei. Mara mbili nimetumia muda mrefu zaidi kutoka Usagara hadi mjini kuliko kutoka Sengerema hadi Usagara. Serikali imetumia mabilioni kutuvusha ziwa, tumekwama kwa kukosa haisi.

Haisi Nyeupe

Mwalimu, hilo la watoto sina la kujibu. Niko pamoja na wewe.

Ila dereva umetoboa siri, haha ya kweli hiyo ya shilingi 100. Nimewahi kuwa konda, nakumbuka tulikuwa tunaita kile kipande cha mwisho "kipande cha hasara".

Mwenye Gari Moja

Naomba na mimi nisikilizwe. Mimi ni mama, mstaafu, nina haisi moja niliyonunua kwa kiinua mgongo. Watu wanadhani mwenye gari anakaa tu kusubiri hesabu. Matairi manne, bima, ukaguzi, leseni, injini ikifa ni mamilioni. Hesabu nikiishusha sana gari haitafika mwaka wa tatu.

Lakini aliyosema dereva ni kweli, na mimi yaliniuma nilipoyagundua. Naishi hukuhuku Kisesa. Jioni moja nilikuwa Igoma nimetoka msibani, nikaliona gari langu mwenyewe linashusha watu wa Kisesa na kugeuza. Majirani zangu walikuwa ndani. Sikulala.

Nilichofanya ni hivi. Nilikaa na dereva wangu, tukakubaliana hesabu yangu inaisha saa 11 jioni, nikaipunguza kidogo. Tripu za baada ya hapo, hela yote ni yake na konda, mimi sidai hata mia. Sharti langu ni moja: kila tripu ifike Kisesa. Nikafunga na kifaa cha GPS, naona kwenye simu gari limegeuzia wapi. Mwezi wa kwanza aligeuza mara nne, nikamwita, tukasemezana. Sasa hageuzi. Napata pungufu kuliko zamani, sifichi, ila gari halikimbizwi kama kichaa na breki zinakaa. Na abiria wameshalijua. Saa 1 usiku wanalisubiri lenyewe, linajaa mpaka mwisho.

Abiria wa Kisesa (mleta uzi)

Mama, nadhani gari lako nalijua. Lina maandishi ya kijani nyuma? Kama ndilo, dereva wako ni mstaarabu, kuna siku alimsubiri mzee mmoja mpaka akapata chenji yake. Asante sana kwa kusema wazi.

Nimejifunza kitu humu ambacho sikukijua wakati naanza uzi. Nilidhani ni tabia mbaya ya makonda. Naona sasa kipande cha mwisho hakimlipi dereva, na hesabu inamhesabia kila dakika. Wenye magari wakifanya kama mama huyu, nusu ya tatizo itaondoka bila askari hata mmoja. Na wanaopanga nauli nao wautazame huo mwanya wa shilingi 100. Najua nikisema hivi abiria wenzangu watanirukia, ila ningelipa 100 au 150 zaidi kwa moyo mweupe kama gari itafika, kuliko 600 nyingine ninayolipa leo. Nyongeza hiyo iwe kwa wanaofika mwisho tu, isiguse wa Mabatini.

Mkazi wa Kishiri

Hapana mkuu, hapo nakupinga. Wakiongeza 100 wataichukua na watageuza vilevile. Tumeshaona nauli zinapanda 2022, zikapanda tena 2023, Kishiri tumefikishwa zaidi? Kwanza wafike, ndipo tuzungumze nyongeza.

Abiria wa Kisesa (mleta uzi)

Una hoja. Sina jibu la hilo.

Mdau wa Leseni

Niongeze la kisheria kwa ufupi. Leseni ya daladala inatolewa kwa ruti maalumu, kuanzia kituo fulani mpaka kituo fulani. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, ndiyo inayotoa leseni hizo na kupanga nauli. Kukatisha ruti ni kuvunja masharti ya leseni sawa na kuzidisha nauli. Lipo pia baraza la watumiaji, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria.

Shida ya malalamiko yetu ni kwamba hayana mwili. "Magari ya Kisesa yanakatisha ruti" hakuna anayeweza kulifanyia kazi. Kinachotakiwa ni namba ya gari, tarehe, saa, mahali ilipogeuzia, na ikiwezekana abiria wawili watatu waliokuwamo. Kingine, ukaguzi mwingi unafanyika asubuhi na mchana, barabara kuu. Kugeuza kunafanyika kuanzia saa 12 na nusu jioni, na sehemu zinajulikana: Igoma, Nyegezi, Airport. Mtu mmoja mwenye daftari akikaa Igoma kwa muda wa saa mbili tu jioni ataona yote.

Dereva wa Buhongwa

Na msilipe mapema. Nasema hivi nikiwa dereva. Konda akishakusanya hela Mkuyuni, hana sababu ya kukufikisha. Gari nzima ikisema tunalipa tukivuka Nyegezi, haigeuzi gari hiyo. Mmoja akikataa peke yake atashushwa na matusi juu. Mkikataa wote, dereva hana la kufanya, hawezi kuwashusha watu kumi na nane.

Mama wa Mwaloni

Hilo gumu baba. Jioni kila mtu amechoka, mwingine anaogopa ugomvi. Ila tutajaribu. Wanawake wa dagaa tuko watano tunaopanda saa moja, nitawaambia.

Mwalimu wa Pembezoni

Mimi nitaandika za Igombe. Nina walimu wenzangu wawili wanaokaa huko, tutagawana siku.

Abiria wa Kisesa (mleta uzi)

Basi tufanye hivyo. Igoma nachukua mimi kuanzia Jumatatu, nitasimama upande wa wanaotoka mjini. Namba za magari sitaziweka humu hadharani, nitazikusanya pamoja na zenu tuzipeleke zikiwa na tarehe na saa. Gari zinazofika mwisho nitaziandika pia, nao wanastahili kujulikana.

Abiria wa Kisesa (mleta uzi)

Jumatatu, Igoma.

Saa 12:50 kosta, imepita hadi Kisesa.
Saa 1:05 haisi, imegeuza.
Saa 1:10 haisi ya maandishi ya kijani, imepita, imejaa.
Saa 1:25 haisi, imegeuza. Wameshushwa kumi na moja, mmoja ana magongo.
Saa 1:40 haisi. Konda amesema mwisho, watu tisa wamekataa kushuka, hela walikuwa hawajatoa. Dereva amezima gari. Wamekaa kimya humo ndani kama dakika kumi hivi, kisha amewasha na kuelekea Kisesa. Nimedandia hiyo.

Buhongwa na Igombe, leteni zenu.